Kitambaa Chekundu cha Kitanda cha Dirishani

Sokoni walimwita Bibi Redio, na hakuna aliyempa jina hilo kwa ubaya. Aliuza sabuni na mabeseni, na sauti yake ilifika kwa mteja kabla mteja hajafika kwake. "Wewe mwenye shati jeupe, nani kakuambia hilo ni jeupe? Njoo nikuonyeshe weupe!" Watu walicheka, wakanunua, wakaondoka na habari za mtaa mzima bila malipo ya ziada.

Sasa alikuwa amelala wodini, upande mzima wa kulia umekufa ganzi, na ndani ya kinywa mlikuwa kimya. Maneno yalikuwepo, tena yamejaa tele kichwani. Yalipofika mlangoni yaligeuka kuwa "mmh" na "aah" kama ya mtoto mchanga. Walimpa kalamu akashika kwa mkono wa kushoto, akachora minyoo. Hata herufi alizofundishwa utotoni zilikuwa zimemkimbia. Madaktari walisema ni kiharusi, wakasema huenda yatarudi, wakapita.

Aliyekuwa hapiti ni jirani yake wa kitanda, fundi cherehani, mwanamke mnene mcheshi aliyekuja kutolewa uvimbe tumboni. Huyu Fundi ndiye aliyegundua njia. Siku moja aliketi ukingoni mwa kitanda cha Bibi Redio akasema, "Kitendawili!"

Bibi Redio akamtazama tu. Angejibu nini?

"Basi natega mwenyewe. Ndege wangu kakaa pangoni, walinzi weupe wamejipanga foleni mbele. Hatoki hata siku moja, lakini kelele zake zimejaa mtaa. Sasa sikia. Nitakutajia majibu. Likiwa silo, funga ngumi. Likiwa ndilo, niinulie kidole kimoja. Ni popo?"

Ngumi.

"Ni kengele?"

Ngumi.

"Ni ulimi?" Hapo Fundi akajishika mdomo. "Yarabi, nisamehe dada yangu, sikufikiri."

Lakini kidole cha Bibi Redio kilikuwa juu, kimesimama wima, na mwili wake ulikuwa unatikisika. Fundi alidhani analia. Kumbe anacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke.

Tangu hapo wakawa wanaongea. Unataka maji? Ngumi. Unataka kugeuzwa? Kidole. Mkwe wako yule anakulisha uji wa moto? Kidole, tena kwa hasira. Manesi walikuwa na kazi nyingi mno, wasingeweza kukaa wakitaja jibu moja moja, na mkwe mwenyewe alikuja na kuondoka mbio. Ni Fundi peke yake aliyekuwa na subira ya kuuliza mpaka afike.

Sasa kuna kitu cha wodi ile lazima kielezwe. Mgonjwa ambaye dawa fulani inamdhuru, wenyewe wanasema ana mzio, alipaswa kuvalishwa utepe mkononi. Tepe zilikwisha zamani. Manesi wakabuni lao: wakachana shuka kuukuu jekundu vipande vipande, na mwenye mzio wa penisilini anafungiwa kipande kwenye chuma cha ubavuni mwa kitanda, usawa wa goti. Nesi akifika na sindano anaangalia chuma kwanza. Ulikuwa utaratibu mzuri, na ulikuwa umewaokoa wengi.

Fundi alifungiwa chake siku ya kwanza. Nesi wa asubuhi, wanayemwita Nesi Mrefu kwa sababu anainama kila mlango, ndiye aliyekifunga.

"Sista," Fundi akalalamika, "kitambaa gani hiki kinamwaga nyuzi? Mtu akinitembelea atasema fundi mwenyewe analala na matambara."

"Mama, hicho si cha urembo. Hicho ndicho kinachokulinda. Uliniambia ulipochomwa zamani ulivimba hadi macho yakafunga."

"Nilivimba kama andazi— la, nisijitukane. Nilivimba. Ila kinilinde kikiwa kimekunjwa pindo."

Akaomba sindano na uzi kwa binti yake, akakunja pindo pande zote nne, mishono midogo midogo iliyolala sawasawa kama chungu wanaohama. Akakifunga tena mwenyewe kwa kitanzi, ukivuta ncha moja kinafunguka. Wagonjwa wengine wakakaa wakiamini ni pambo lake. Bibi Redio alijua. Alisikia kila neno. Masikio hayakuwa na kiharusi.

Siku ya upasuaji wa Fundi iliangukia siku ya kuosha wodi. Asubuhi Nesi Mrefu alimsindikiza chumba cha upasuaji kwa machela, akakiacha kitanda chake cha dirishani kitupu. Kabla ya kuondoka Fundi alimpungia mkono jirani yake. "Ngoja nirudi, nina kitendawili hutakiweza. Kidole chako kitachoka!"

Nyuma wakabaki wahudumu na ndoo zao. Mmoja wao, mwanamke mwenye huruma, alimwona Bibi Redio akikohoa uji.

"Jamani huyu mtamuua kumlisha amelala hivi. Kitanda hiki hakiinuki, mpini wake umekatika. Kile cha dirishani kinainuka."

"Kina mwenyewe."

"Mwenyewe akirudi atakuwa amelala, ataweza kulala hiki. Shika miguu."

Wakambeba. Wakamlaza dirishani, wakazungusha mpini, na mgongo wa Bibi Redio ukapanda. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu aliona nje: kamba ya nguo, paa la bati, paka juu ya ukuta. Uji ukashuka vizuri. Aliinua kidole kumshukuru yule mhudumu, naye akadhani anaonyeshwa kitu darini, akatazama juu, akaendelea kupiga deki.

Kitambaa chekundu kilikuwa pale pale kwenye chuma, karibu na goti la Bibi Redio.

Mchana wabeba machela walimrudisha Fundi, amezama kwenye usingizi wa dawa. Waliona kitanda kitupu kimoja tu, wakamlaza hapo. Hawakukosea kitu kwa macho yao. Nesi Mrefu wakati huo alikuwa mezani kwake karibu na mlango, zamu inamwishia. Aliinua kichwa, akaona vitanda viwili vya mwisho vina watu wawili, akaridhika.

Kwa kawaida manesi wa wodi ile hupokezana zamu kwa kutembea. Anayetoka na anayeingia husimama kwenye kila kitanda, huyu anasema, yule anamtazama mgonjwa usoni. Ila siku hiyo sakafu ilikuwa na maji na sabuni, na mhudumu alikuwa amesimama katikati na fagio kama askari wa zamu.

"Mtanikanyagia! Na mkiteleza msinisingizie!"

Basi wakapokezana mezani.

Aliyeingia alikuwa binti mwenye miwani, ametoka wodi ya watoto, hamjui mtu. Na alikuwa peke yake, maana mwenzake aliugua. Nesi Mrefu akamsomea wodi haraka haraka, kidole kikielekeza kwa mbali.

"Yule mguu wa plasta, dawa ya maumivu. Waliopasuliwa leo daktari kaagiza wote penisilini ya mshipa, mafaili yao bado yako kule kwake. Ila wa dirishani asiguswe nayo kabisa, ana mzio. Kitambaa chake chekundu kipo kwenye chuma cha kitanda."

"Wa dirishani asiguswe," Nesi Miwani akarudia vizuri, kama mwanafunzi mzuri.

"Ndiye huyo. Haya mwanangu, Mungu akusaidie, mimi mgongo wangu umekwisha."

Bibi Redio alisikia. Mwanzoni yalipita kama maneno mengine ya manesi. Kisha akakitazama kile kitambaa. Akamtazama Fundi upande wa pili, mdomo wazi, anakoroma taratibu kwenye kitanda kisicho na kitu kwenye chuma chake. Moyo wake ukaanguka kama beseni lililoponyoka.

"Aah!" alisema. "Aah! Mmh!"

Nesi Mrefu alikuwa amekwishainama mlangoni na kutoka.

Nesi Miwani alianza kazi upande wa mbali, akisukuma kigari cha dawa. Kilikuwa na gurudumu moja linalolia, na kila kilipolia Bibi Redio alijua kimesogea kitanda kimoja. Alijaribu kupanga neno. Alilichagua moja tu, la mkato: *siye*. Alilishika kichwani kama mtu anayebeba yai kiganjani, akalisukuma.

"Mmmh."

"Leo Redio imepata betri!" akasema Mama wa Plasta kutoka kitanda chake, na wawili watatu wakacheka, si kwa ubaya. Walifurahi kumsikia.

Kigari kikafika.

"Shikamoo Bibi," alisema Nesi Miwani. Alikuwa na uso wa upole, na kijasho puani. Akainama kwanza akaangalia chuma, kama alivyofundishwa. "Eeh, kitambaa kipo. Wewe hii haikuhusu. Bado una usingizi wa dawa? Pole."

Akamgeukia Fundi, mwenye bandeji mpya tumboni.

Bibi Redio akapiga chuma kwa kiganja cha kushoto. Akapiga tena. Nesi akageuka. Bibi Redio akamnyooshea kidole Fundi, kisha kitambaa, kisha Fundi. Kilichoonekana ni kikongwe anayerusha mkono huku na huku.

"Unataka bakuli, Bibi? Umebanwa?"

Ngumi. Ngumi! Lakini ngumi kwa asiyejua ni ngumi tu.

"Usinipige Bibi, nakuletea."

Na kweli akaacha dawa, akaenda akaleta bakuli la choo, akamweka taratibu, akamfunika ili watu wasimwone. Bibi Redio alikaa juu ya bakuli lile la baridi, machozi yakimtoka. Angepewa nesi mkatili angalau angemchukia. Huyu alimfuta machozi kwa ncha ya shuka.

Alipokwenda kumwaga, Bibi Redio aliona ndiyo nafasi. Akajikunja upande wa kushoto, akanyoosha mkono hadi ubavu ukauma, vidole vikagusa ncha ya kitambaa. Kitanzi cha Fundi kilikuwa cha mtu anayejua kazi. Akavuta, kikafunguka mara moja. Alikuwa nacho mkononi. Hakuna lingine la kufanya ila kukitupa, basi akakitupa kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, kimfikie mwenyewe, kiangukie kifuani, kiangukie hata miguuni.

Kitambaa hakina uzito. Kilipepea kidogo hewani, kikatua sakafuni katikati ya vitanda viwili, kwenye maji.

Nesi Miwani alirudi, akakiona, akakiokota. Alikikamua. Uso wake ulibadilika, ukawa na hofu ya kweli, na kwa nukta moja Bibi Redio aliamini ameelewa.

"Bibi! Hiki usikivue hata kidogo. Unajua angekuja mwingine asiyejua angekuchoma? Hiki ndicho kinachokulinda."

Akakifunga tena kwenye chuma kile kile, kwa fundo mara mbili, akalivuta kwa nguvu. Kisha akavuta sindano, akashika mrija uliokuwa mkononi mwa Fundi. Fundi alifumbua jicho kidogo.

"Lala tu mama," alisema nesi kwa sauti ya chini. "Sitaki kukusumbua. Nakupa dawa ya kidonda, sitakuchoma tena, inapita humu humu."

Bibi Redio alifumba macho. Alipofumbua, kigari kilikuwa kinalia kuelekea mlangoni.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Akaanza kujidanganya. Labda mzio huisha. Labda ilikuwa dawa nyingine. Labda Fundi alitia chumvi aliposimulia, maana kwa kutia chumvi alikuwa bingwa. Paka alikuwa bado juu ya ukuta.

Halafu Fundi akajikuna shingo.

Alijikuna amelala, kama mtu aliyetuliwa na inzi. Akajikuna tena, na pale alipokuna pakainuka. Midomo ikaanza kujaa. Pumzi ikawa na filimbi, nyembamba, mbali, kama birika linaloanza kuchemka. Macho ya Fundi yakafunguka, yakamtafuta mtu, yakampata Bibi Redio. Wakatazamana. Fundi alinyanyua mkono kidogo. Hakuna aliyekuwa amebaki na sauti kati yao.

Bibi Redio akakumba kila kilicho juu ya meza yake. Kikombe cha bati kikaanguka na kugongagonga sakafuni, kikasikika wodi nzima.

"Nakuja Bibi!" Nesi Miwani akaita kutoka mbali, yuko na mgonjwa anayetapika. "Usinikasirikie, mikono ni miwili!"

"Leo kashiba uji huyo," alisema Mama wa Plasta.

Bibi Redio akatupa kijiko. Akatupa kitana. Hakuwa na kingine. Akafungua kinywa akapiga ukelele usio na neno ndani yake, ule ule wa sokoni, mrefu, na hapo ndipo wodi ikanyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba bado anao.

Nesi alikuja mbio kumtuliza. Aliinama kuokota kikombe. Alipoinuka uso wake ukawa umeelekea kitanda cha pili, na kikombe kikaanguka tena.

Baada ya hapo watu walikuwa wengi. Daktari alikuja akikimbia na viatu vya plastiki. Pazia likavutwa. Bibi Redio aliona miguu tu chini ya pazia, miguu inayosogea, inayosimama, inayosogea. Alimsikia Nesi Miwani akisema, "Hakuwa na kitambaa, daktari, niliangalia, naapa niliangalia." Wakakisukuma kitanda nje na Fundi juu yake, na gurudumu likagonga kizingiti. Mlango ukajifunga.

Hakuna aliyekuja kumwambia Bibi Redio kilichotokea. Kwa nini wamwambie? Nani humpa habari mtu asiyeuliza? Aliyeuza habari za mtaa mzima alikaa akingoja moja tu, na hakuipata. Alijua wakati wahudumu waliporudisha kitanda kitupu, godoro limefutwa, limeinamishwa likauke.

Akaanza kazi ya lile fundo. Vidole vya mkono mmoja, tena wa kushoto, na fundo la mtu aliyeogopa. Alilichokoa kwa kucha tangu taa zilipowashwa hadi zilipozimwa kwa ajili ya mwanga wa asubuhi. Lilipolegea alikikunja kitambaa ndani ya kiganja, akafunga ngumi.

Nesi Mrefu aliingia, akainama mlangoni, akaja moja kwa moja mwisho wa wodi kama mtu aliyekwishasikia na hataki kuamini. Alisimama miguuni pa kitanda cha dirishani. Akamtazama aliye ndani yake.

"Bibi," alisema. "Wewe unafanya nini hapa?"

Kisha akaketi ukingoni, yule mwanamke mrefu, akawa mfupi.

"Nilisema wa dirishani," akasema. "Sikusema jina la mtu. Nilisema kitanda." Akamtazama Bibi Redio machoni. "Na wewe uliona yote, siyo?"

Kidole kikapanda. Kwa bahati mbaya Nesi Mrefu alikuwa amejifunika uso kwa mikono, hakukiona. Alisimama akasema kwamba anakwenda kwa mkubwa wao kueleza, mwenyewe, kwa mdomo wake. Akaenda. Mlango wa ofisi ulionekana kwa mbali. Ulifungwa, na watu wengine wakaitwa ndani, na haukufunguka.

Ulikuwa bado umefungwa binti wa Fundi alipokuja kuchukua vitu vya mama yake.

Alikuwa msichana wa umri wa kuolewa, amejifunga kanga kiunoni, macho yamevimba. Mhudumu mwenye huruma alimpa mfuko: ndara, kanga mbili, kioo kidogo, kibweta cha sindano. "Pole mwanangu. Wamesema hali ilibadilika ghafla." Akaondoka haraka na ndoo yake.

Binti akaketi kwenye kiti kati ya vitanda viwili.

"Shikamoo Bibi. Wewe ndiye Bibi Redio? Mama alinisimulia. Alisema huongei lakini una majibu yote." Alijaribu kutabasamu. "Alisema leo angekutegea kimoja kigumu."

Bibi Redio akainua kidole.

"Alikuwa na mtu, Bibi? Alisema chochote?"

Haya ndiyo maswali ambayo kidole hakiwezi kuyajibu. Mama yake angeuliza vingine. Angesema: alichomwa dawa? Kidole. Ile ya mzio? Kidole. Kwa makusudi? Ngumi. Angefika, taratibu, jibu baada ya jibu, angefika. Bibi Redio alimsubiri binti aanze kutaja. Binti alikuwa analia tu.

Basi akafungua kiganja.

Kitambaa kilikuwa kimelowa jasho. Binti akakichukua, akakikunjua juu ya goti. Alipitisha kidole gumba kwenye pindo, pole pole, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.

"Huu ni mkono wa mama," alisema. "Huu mshono naujua. Ndiyo kazi yake ya mwisho hii."

"Aah," alisema Bibi Redio. "Mmh. Mmh!" Akaonyesha chuma. Akaonyesha kitanda kitupu.

"Ndiyo Bibi, naona. Alikuwa hapo." Binti akamshika mkono ule, akaubusu. "Umenitunzia. Wenzio wamenipa ndara, wewe umenipa hiki. Mungu akulipe."

Akajifunga kitambaa mkononi, kwenye kifundo, akakaza kwa meno. Akachukua mfuko wake. Alitembea wodi nzima hadi mlangoni, na chekundu kile kilionekana kila mkono ulipopanda kufuta macho. Nesi mpya aliyekuwa akipita na kigari alikiona, akampisha njia.

Bibi Redio alibaki na kidole juu. Hakukishusha mlango ulipofungwa, wala baada yake. Mhudumu alipokuja kupiga deki alikiona, akasogea, akaushika ule mkono kwa upole na kuurudisha ndani ya shuka, usipate baridi.